Kudundisha Mpira kwa Kipimo: Mwongozo wa Wiki Sita kwa Timu za Vikapu za Shule za Upili

Mchezaji wa mpira wa vikapu katika shule ya upili anaweza kuboresha udhibiti wake wa mpira kwa dakika 15 kwa siku, mara nne kwa wiki, hata pale ambapo shule ina mipira michache na uwanja wa udongo. Vifaa vinavyohitajika ni chupa tupu za plastiki, chokaa au kamba ya kuchora mistari, simu yenye saa ya kupimia muda, daftari na kalamu. Utaratibu wenyewe una hatua tatu: kupima, kufanya mazoezi kwa mpango, kisha kupima tena kwa namna ile ile.

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya walimu wa michezo, makocha wa kujitolea mitaani, wazazi na wachezaji wenyewe. Unaweza kutumika katika shule za wavulana, za wasichana na za mseto, na pia katika timu za vijana zinazofanya mazoezi jioni kwenye viwanja vya umma.

Umuhimu wake huonekana hasa siku ya mchujo. Mwalimu huwa na saa mbili, mipira miwili na wanafunzi arobaini au hamsini wanaotaka kuvaa jezi ya shule. Katika hali hiyo huchagua kwa macho: aliye mrefu, aliyebahatika kufunga vikapu viwili mfululizo, au yule ambaye jina lake tayari linajulikana. Mwanafunzi mfupi wa shule ya kutwa, aliyejifunza mchezo kwenye uwanja wa mtaa, anaweza kurudi nyumbani bila mtu kutambua kwamba hakupoteza mpira hata mara moja. Kadi yenye matokeo ya vipimo haiondoi upendeleo wote, lakini humpa mwalimu sababu ya kumtazama mara ya pili, na humpa mwanafunzi jibu anapoambiwa hajafikia kiwango.

THAMANI YA MPIRA MMOJA

Kwa sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu, FIBA, timu inayomiliki mpira ina sekunde 24 za kurusha kikapuni. Ikianzia nusu yake ya uwanja, ina sekunde 8 za kuuvusha mpira mstari wa katikati. Mchezaji aliyeshika mpira huku amebanwa na mlinzi aliye karibu naye ana sekunde 5 za kupasi, kurusha au kuanza kudundisha. Muda huo wote hutegemea mikono ya mtu mmoja au wawili. Mikono hiyo ikiteleza, timu hukosa nafasi yake ya kufunga, na mara nyingi wapinzani hupata kikapu rahisi kwa sababu walinzi bado wako mbali.

Wapenzi wa mchezo huu nchini hawajasahau Februari 2021 mjini Yaoundé, Cameroon, Kenya ilipoishinda Angola kwa pointi 74 kwa 73. Tofauti hiyo ya pointi moja iliipeleka timu ya taifa ya wanaume, Morans, kwenye mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Katika mchezo unaoamuliwa kwa pointi moja, kila mpira uliopotezwa ovyo tangu robo ya kwanza huwa umeingia kwenye hesabu.

Kudundisha kwenyewe hakukuwepo mchezo ulipoanzishwa. James Naismith alipoubuni mwezi Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, Marekani, sheria zake 13 zilimtaka mchezaji aurushe mpira kutoka mahali alipoudakia. Wachezaji waliobanwa ndio waliotafuta njia ya kujinasua kwa kuuachia mpira kisha kuudaka tena, na baadaye mtindo huo ukakubaliwa na kuwekewa sheria. Tangu mwanzo, basi, kudundisha kumekuwa njia ya kutoka kwenye shinikizo. Mazoezi yanayoishia kwenye madoido bila mlinzi mbele ya mchezaji huwa hayajafika kwenye kazi hiyo.

MAMBO MANNE YANAYOPIMWA

Makocha wengi husema mchezaji fulani “ana mikono mizuri”. Maneno hayo ni kweli, ila hayamwelezi mchezaji afanye nini kesho. Ni vyema udhibiti wa mpira ugawanywe katika mambo manne yanayoweza kuhesabiwa.

La kwanza ni usawa wa mikono. Mlinzi mwerevu humsukuma mchezaji kuelekea mkono wake dhaifu, na anayetegemea mkono mmoja husomeka baada ya dakika chache. La pili ni kasi inayoenda pamoja na usahihi. La tatu ni macho: anayetazama mpira hamwoni mwenzake aliyebaki peke yake chini ya kikapu. La nne ni uwezo wa kuulinda mpira mbele ya mlinzi ambaye kweli anautaka.

Wazo la kupima stadi hizi si geni. Mwaka 1984 muungano wa wataalamu wa elimu ya viungo nchini Marekani, AAHPERD, ulitoa vipimo vya stadi za mpira wa vikapu vya kurusha, kupasi, kudundisha kwa udhibiti na kujongea katika ulinzi. Katika kipimo cha kudundisha, mchezaji hupita kati ya koni huku muda ukihesabiwa. Hupewa nafasi tatu, ya kwanza ikiwa ya kujizoeza tu, na mbili zinazofuata ndizo huingizwa kwenye matokeo. Kanuni hiyo ya nafasi ya kujizoeza inafaa kufuatwa katika shule zetu pia, kwa kuwa mwanafunzi anayefanya jambo mara ya kwanza hupimwa wasiwasi wake zaidi ya stadi yake.

MAANDALIZI: MPIRA, UWANJA NA KADI

Kabla ya kumpima mchezaji, mpira wenyewe ukaguliwe. Wavulana hutumia mpira nambari 7, wenye mzunguko wa takriban sentimita 76 na uzito wa takriban gramu 600. Wasichana hutumia nambari 6, wenye mzunguko wa takriban sentimita 72 na uzito wa takriban gramu 520. Msichana anayefanya mazoezi kwa mpira nambari 7 kwa sababu ndio uliopo, kisha akacheza mashindano kwa nambari 6, hukutana na mpira ambao mkono wake haujauzoea. Shule inayonunua mipira mipya isome nambari hiyo kwenye mpira kabla ya kulipa.

Upepo nao upimwe. Mpira uachiliwe kutoka urefu wa mita 1.8, ukipimwa kutoka upande wake wa chini, juu ya saruji. Ukirudi hadi sehemu yake ya juu ifikie kati ya mita 1.2 na 1.4, uko sawa. Ukirudi chini ya hapo, uongezwe upepo. Mstari wa chaki kwenye ukuta wa darasa unatosha kwa kazi hii, na mwanafunzi mmoja anaweza kupewa jukumu la kukagua mipira kila Jumatatu.

Uwanja uondolewe mawe, vipande vya chupa na mchanga uliolegea. Kwenye udongo mpira hudunda chini kuliko kwenye saruji au lami, na wakati mwingine hukwepa pembeni. Kwa hiyo matokeo ya shule yenye uwanja wa udongo yasilinganishwe na ya shule yenye uwanja wa saruji. Mchezaji alinganishwe na nafsi yake: leo na wiki tatu zilizopita, kwenye uwanja ule ule na kwa mpira ule ule.

Kila mchezaji awe na kadi yake au ukurasa wake daftarini, wenye jina, tarehe, nambari ya mpira, aina ya uwanja na nafasi za matokeo ya vipimo vinne. Kadi zisibandikwe ukutani zikiwa zimepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha ya wiki ya kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupanda, na akiaibishwa mapema huenda asionekane tena mazoezini. Timu inayotaka kurekodi wanafunzi kwa video ikumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa na kutumiwa.

VIPIMO VINNE

Wachezaji wapashe mwili joto kwa dakika 10 kabla ya kupimwa. Kila kipimo kifanywe mara tatu, ya kwanza ikiwa ya kujizoeza. Katika mbili zilizobaki, matokeo yote mawili yaandikwe, kisha wastani wake utumike.

Kipimo cha 1: Midundo ya sekunde 30. Mchezaji asimame, magoti yamekunjwa kidogo, adundishe mpira kwa mkono mmoja bila kuvuka kiuno. Mwenzake ahesabu midundo. Mpira ukimponyoka, aufuate na aendelee, muda ukiwa unasonga. Afanye kwa mkono wa kulia, apumzike, kisha afanye kwa wa kushoto. Matokeo ni mawili, na la kuangalia zaidi ni pengo kati yake.

Kipimo cha 2: Chupa tano. Chupa tano zilizotiwa mchanga zipangwe katika mstari mmoja, umbali wa mita 2 kati ya moja na nyingine, ya kwanza ikiwa mita 2 kutoka mstari wa kuanzia. Mchezaji apite kwa kupindapinda hadi chupa ya mwisho, aizunguke, arudi vivyo hivyo. Mpira uwe kwenye mkono ulio mbali na chupa, kwa hiyo atalazimika kubadilisha mkono kila anapopita. Muda uandikwe kwa sekunde na sehemu ya kumi. Kila chupa inayoguswa iongeze sekunde 1, na kila mara mpira unapoponyoka iongezwe sekunde 1 nyingine.

Kipimo cha 3: Macho juu. Mchezaji adundishe akiwa amesimama, kwa sekunde 30. Mwenzake asimame mita 4 mbele yake na kuonyesha vidole mara 10, kila baada ya sekunde 3, akibadilisha idadi. Mchezaji ataje idadi hiyo kwa sauti. Jibu huhesabiwa ikiwa ni sahihi na mpira haujasimama. Alama ya juu ni 10 kwa kila mkono.

Kipimo cha 4: Njia yenye mlinzi. Ichorwe njia ya upana wa mita 3 kutoka mstari wa mwisho wa uwanja hadi katikati. Katika uwanja rasmi wa mita 28 kwa 15, umbali huo ni mita 14. Mchezaji aupeleke mpira hadi mstari wa katikati ndani ya sekunde 8 huku mlinzi mmoja akijaribu kumnyang'anya bila kumshika wala kumsukuma. Apewe nafasi 10 na zihesabiwe alizofaulu. Walinzi wabadilishwe, ili mchezaji mmoja asikutane na mlinzi hodari mara zote 10 na mwingine akakutana na anayejifunza. Kwa kuwa kipimo hiki kina nafasi nyingi ndani yake, kifanywe mara moja tu baada ya nafasi mbili za kujizoeza.

Anayepima achunge pia makosa ya sheria. Mdundo ambao kiganja kimeingia chini ya mpira na kuubeba usihesabiwe. Mchezaji aliyesimamisha mpira kwa mikono miwili kisha akaanza kudundisha tena, au aliyetembea nao bila kuudundisha, awe amepoteza nafasi hiyo. Mwamuzi hatamsamehe siku ya mechi.

RATIBA YA WIKI SITA

Swali la kwanza la walimu wengi huwa ni mipira itatoka wapi. Ratiba hii inachukulia kwamba kuna mpira mmoja kwa wachezaji watatu. Mmoja hudundisha kwa sekunde 30, wa pili huhesabu, wa tatu huonyesha vidole au huwa mlinzi. Kisha hubadilishana. Zamu moja pamoja na kubadilishana huchukua takriban sekunde 40, hivyo dakika 15 hutoa zamu 22, yaani zamu 7 kwa kila mchezaji na moja ya ziada. Zamu 7 za sekunde 30 ni dakika 3 na nusu za mpira mkononi kwa siku. Kwa siku nne ni dakika 14, na kwa wiki sita ni dakika 84.

Huenda dakika hizo zikaonekana chache hadi zilinganishwe na mazoezi ya kawaida. Wachezaji kumi wakicheza mechi ya mazoezi ya dakika 20 kwa mpira mmoja, mgao sawa ungekuwa dakika 2 kwa kila mmoja, na sehemu ya dakika hizo ni ya kupasi na kurusha. Isitoshe, mgao huwa hauko sawa: anayejua kudundisha hupewa mpira, na asiyejua hukimbia bila kuugusa. Pengo kati yao hupanuka kila jioni.

Katika wiki ya 1 na ya 2, kazi iwe ya misingi: midundo ya kimo cha goti na ya kimo cha kiuno, kuuzungusha mpira miguuni kwa umbo la nambari nane, na kuuvusha mbele ya mwili kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mpira usukumwe kwa ncha za vidole, kiganja kikibaki wazi. Katika zamu 7 za siku, 4 ziwe za mkono dhaifu. Wachezaji wengi hulalamika hapa, kwani mkono dhaifu huwaaibisha mbele ya wenzao. Mwalimu awakumbushe kwamba ndio mkono ambao mlinzi wa timu pinzani atautafuta.

Katika wiki ya 3 na ya 4, miguu ianze kusonga: kupita kati ya chupa, kukimbia na kusimama ghafla, kurudi nyuma hatua mbili, kupitisha mpira katikati ya miguu na nyuma ya mgongo. Hapa mazoezi yachanganywe. Badala ya zamu zote za siku kuwa za mbinu moja, kila zamu iwe na mbinu tofauti na ile iliyotangulia.

Sababu ya kuchanganya ilionyeshwa na watafiti wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, mwaka 1979. Waliwafundisha watu mienendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilimaliza mwenendo mmoja kabla ya kuanza mwingine, na kundi jingine lilichanganya yote mitatu. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi. Walipopimwa tena siku 10 baadaye, waliochanganya ndio waliokuwa wamehifadhi zaidi. Mwalimu asishtuke, basi, wachezaji wakionekana kuyumba katika wiki ya tatu. Kuyumba huko ni sehemu ya kujifunza, na kipimo cha baadaye ndicho kitakachoonyesha kilichobaki.

Wiki ya 5 na ya 6 ni za shinikizo. Mlinzi aingie karibu kila zamu. Mchezaji mmoja dhidi ya mlinzi mmoja ndani ya njia ya mita 3, kisha dhidi ya walinzi wawili wanaojaribu kumfungia pembeni, na kila safari imalizike kwa pasi sahihi au mrusho. Mchezaji ajifunze kuuweka mwili wake kati ya mlinzi na mpira, na kutambua wakati wa kuacha kudundisha na kumpa mwenzake.

Vipimo vyote vinne vifanywe mara nne: kabla ya kuanza, mwishoni mwa wiki ya 3, mwishoni mwa wiki ya 6, na tena baada ya mapumziko ya wiki moja. Kipimo hicho cha mwisho ndicho muhimu zaidi, kwa kuwa hutenganisha stadi iliyoingia mwilini na ile iliyokuwa moto kwa sababu ya mazoezi ya jana.

KUSOMA MATOKEO

Tuchukue mfano wa kubuni wa mchezaji wa Kidato cha Tatu. Kabla ya mazoezi alipata midundo 58 kwa mkono wa kulia na 41 kwa wa kushoto. Mkono wake wa kushoto, kwa hiyo, ulifikia asilimia 71 ya wa kulia. Kwenye chupa tano alitumia sekunde 14.2 na kugusa chupa tatu, hivyo matokeo yake yakawa 17.2.

Baada ya wiki sita alipata midundo 62 kwa kulia na 54 kwa kushoto, sawa na asilimia 87. Kwenye chupa alitumia sekunde 13.9 bila kugusa hata moja, na matokeo yakabaki 13.9. Anayetazama saa pekee ataona ameongeza kasi kwa sehemu tatu tu za kumi za sekunde na kusema hakuna kilichobadilika. Anayesoma kadi nzima ataona kwamba mchezaji huyu ameacha kugonga vitu njiani, na kwamba mkono wake wa kushoto umekaribia wa kulia. Uwanjani, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumpita mlinzi na kumpa mpira.

Lipo jambo la kuchunga. Hakuna kipimo kisicho na mtikisiko. Ikiwa mchezaji alipata sekunde 14.5 na 14.0 katika nafasi mbili za siku moja, basi tofauti ya nusu sekunde hutokea hata bila mazoezi. Akipata 13.9 wiki tatu baadaye, bado ni mapema kushangilia. Maendeleo ya kuaminika ni yale yanayozidi tofauti za siku moja, yanayoonekana katika vipimo zaidi ya kimoja, na yanayobaki baada ya mapumziko. Ndiyo maana matokeo ya nafasi zote mbili huandikwa, badala ya kuchagua lililo zuri.

Namba pia hudanganya zikifuatwa kwa upofu. Mchezaji akijua atasifiwa kwa wingi wa midundo pekee, atainamisha kichwa, atazame mpira na kudundisha kwa pupa. Atapanda katika kipimo cha 1 na kushuka katika cha 3. Kwa hiyo vipimo vinne visomwe kwa pamoja, na cha tano kiongezwe kila siku ya mechi: mwanafunzi wa akiba aketi kando na daftari, aandike kila mpira uliopotezwa, nani aliupoteza na kwa namna gani. Ikiwa kadi za mazoezi zinapanda lakini mipira inayopotea katika mechi haipungui, mwalimu aongeze mazoezi ya shinikizo na apunguze yale ya chupa.

Umri nao uzingatiwe. Kijana anayerefuka kwa kasi anaweza kushuka kwa muda, kwa sababu mikono na miguu yake imebadilika urefu kabla hajaizoea. Asiondolewe timuni kwa kipimo kimoja. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyetembea kilomita kadhaa kuja shuleni, au ambaye hajapata chakula cha mchana, apimwe siku nyingine.

NAFASI YA MZAZI NA MKAZI

Mzazi ambaye hajawahi kucheza anaweza kusaidia. Anaweza kuhesabu midundo nyumbani kwa sekunde 30, kuonyesha vidole na kuuliza “ngapi?”, au kutenga kona ya uani ambapo mtoto hatavunja kitu. Pasipokuwa na mpira wa vikapu, mpira mdogo wa tenisi hufaa kwa kuzoeza vidole na macho. Muhimu zaidi, mzazi aiulize kadi: “Mkono wa kushoto umefika wapi?” Swali hilo humsaidia mtoto kuliko “Mlishinda?”

Kwa wanafunzi wa mtaala wa umilisi, jambo hili limeingia darasani. Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo katika shule za sekondari ya juu, Gredi ya 10 hadi ya 12. Mwanafunzi anayetunza rekodi ya vipimo vyake hujifunza pia kukusanya takwimu, kutafuta wastani na kueleza mabadiliko, na stadi hizo zitamfaa hata asipocheza tena.

Wakazi waelewe pia mgawanyo wa majukumu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa elimu ya shule za upili, huku likizikabidhi serikali za kaunti shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni. Kwa hiyo suala la mwalimu wa michezo hupelekwa kwa mamlaka za elimu, na suala la uwanja wa umma wenye kikapu kilichong'oka, taa zisizowaka au sakafu iliyopasuka hupelekwa kwa kaunti.

Njia ya kulipeleka ni vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni yanayotolewa mapema, wakati mipango ya wadi inapoandaliwa, ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kuingia kwenye makadirio hayo.

Kipimo kina kazi hata katika vikao hivyo. Kikundi cha vijana kinachosema “tunahitaji uwanja” husikilizwa pamoja na wengine wengi wanaosema vivyo hivyo. Kikundi kinachofika na daftari linaloonyesha ni vijana wangapi hutumia uwanja kila jioni, wangapi kati yao ni wasichana, ni mara ngapi mazoezi yaliahirishwa kwa sababu ya matope, na matokeo ya wachezaji kwenye udongo na kwenye saruji, huipa kamati ya wadi jambo la kujadili na kuandika.

Shule au timu ya mtaa inayotaka kuanza inaweza kufanya kipimo cha kwanza wiki hii. Chupa tano, mpira mmoja kwa wachezaji watatu na ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mchezaji vinatosha. Maafisa wa michezo katika ofisi za kaunti ndogo wanaweza kuulizwa kuhusu ratiba ya matumizi ya viwanja vya umma, na msimamizi wa wadi kuhusu tarehe za vikao vya bajeti.